Trei Inayofungukia Nje

Kabla hajakata chuma chochote, Fundi alimwambia mwenye gari apande akalale. "Lala kwanza," anasema, na haongezi neno. Dereva katoka Dar na kontena lake, ana foleni ya mpakani kichwani na bosi kwenye simu, anabaki amemkodolea macho. Alale? Saa nne asubuhi? Mimi, niliyekuwa na cherehani yangu pale jirani, ndiye niliyekuwa nawatoa wasiwasi: "Panda tu, kaka, ulale. Huyu bila hivyo hafanyi kazi." Basi dereva anavua viatu, anajilaza kwenye kitanda cha nyuma ya viti, na Fundi anamchungulia dirishani kama nesi wa zamu.

Alitaka kuona kichwa kinaelekea wapi. Watu hawalali wanavyosema wanalala, ndivyo alivyoeleza. Mtu atakwambia nalala chali, kumbe akigusa godoro tu anajikunja ubavu, magoti tumboni. Na ile betri ya pili aliyokuwa akiifunga yeye haikai upande wa kichwa, kwa sababu ikichajiwa inatoa hewa mbaya, na ikimwaga maji yake inakula hata godoro. Kwa hiyo kwanza kichwa, halafu miguu, halafu ndipo trei, kile kikalio cha chuma kinachoishika betri isicheze barabarani. "Unalala peke yako?" angeuliza, mkavu, kama anauliza saizi ya spana. Kuna dereva aliyeulizwa hivyo mke wake amesimama pale pale. Alichelewa kujibu. Tulishinda na ugomvi wao mpaka mchana, na Fundi akaendelea kukata vyuma vyake kana kwamba hakuwasha moto wowote.

Mimi nashona mapazia ya malori, na magodoro, na vitambaa vya viti. Yeye alikuwa anachomelea trei. Gari moja tulilifanyia kazi wote wawili, ndiyo maana tukawa majirani kwa miaka mingi pale kwenye barabara ya kuelekea Chapwa, tukila vumbi moja. Jina lake nalijua na sitalisema. Mafundi walikuwa wengi pale, kila mmoja na jina lake, lakini ukisema Fundi tu, ni yeye. Mimi aliniita Mama Pazia, na wanangu walio watu wazima leo bado wanataniwa kwa jina hilo.

Betri ya pili aliiita betri ya starehe. "Ile ya kwanza ni ya kazi," aliwaambia. "Hii ni ya taa, redio, simu, feni, na friji ya soda kwa mwenye raha zake. Usimchoshe mfanyakazi kwa mambo ya starehe." Mtu asiyeijua Tunduma hawezi kuelewa. Lori linaweza kukaa kwenye foleni mpaka dereva akazoeleka kama mwenyeji. Ukiitumia betri ya kazi kusikiliza muziki, asubuhi foleni inasogea, gari haliwaki, na wa nyuma yako wanakutukana kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kiingereza.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaichukia. Trei ifungukie ndani. Vichwa vya bolti vikae chini ya godoro, pale anapolala mtu, kwa sababu wezi wa betri kwenye foleni ni wengi kuliko mbu. "Mwizi akitaka betri yako apite juu ya tumbo lako kwanza," alisema. Nimemwona akirudisha kazi ya mteja aliyetaka ifungukie nje kwa urahisi wake. Alimwambia aende kwa fundi mwingine, tena kwa heshima zote, "mukwai" mbele na "mukwai" nyuma, maana mteja alikuwa Mzambia, na Fundi hakulegeza kamba hata kidogo.

Hakukaa chini. Sisemi hakupenda kukaa, nasema hakukaa. Chai alikunywa amesimama, chapati mkono mwingine, anatembea. Kazi ikiisha alikwenda kwenye foleni akaangalia malori ya watu, akarudi, akaenda tena. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na wazee wa kanisa walikwisha kuchoka kumwonyesha benchi. Siku moja nilimuuliza ana ugomvi gani na viti.

"Nikikaa nasikia mambo," akasema.

"Mambo gani?"

"Ungeyajua, ungenunua kiti kikubwa zaidi unisikilizie."

Nilikasirika, kisha nikacheka. Labda tulielewana kwa sababu mimi pia situlii. Kila mwaka nasema huu ni wa mwisho, nahama, naenda mahali ambapo kitambaa cheupe kinabaki cheupe mpaka jioni. Sijahama. Ila huwa naamka asubuhi miguu inawasha, namtazama mume wangu anavyokoroma kwa amani, na namwonea wivu.

Fundi alikuwa mtu wa Mbebe, juu kule Ileje, na ingawa alikuwa ameishi Tunduma tangu ujanani, milima ya kwao hakuitoa kifuani. Kwa watu wa ukoo wake, baba na mke wa mwanawe hawaonani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Mkamwana akisikia mkwe wake anapita, anageuka au anainama, na baba naye anatafuta njia nyingine. Watu wengi siku hizi wameilegeza, wanasalimiana sebuleni wakitazama taarifa ya habari. Fundi hakuilegeza. "Heshima si utumwa," alisema, na usingemsogeza.

Nilimshuhudia kwa macho yangu. Tulikuwa sokoni Chapwa, yeye ananunua maharage, nami natafuta uzi. Mara akamwona mkamwana wake anakuja na kikapu, msichana wa Isansa, mtaratibu, aliyeolewa na mwanawe wa pekee. Njia ilikuwa nyembamba na nyuma kuna mkokoteni. Mzee mzima, na mikono yake myeusi kwa moshi, akajitosa ndani ya saluni ya kike. Alikaa humo kati ya wanawake waliofunikwa vichwa na dawa za nywele, ametazama ukuta, mpaka hatari ikapita. Wale mabinti walimwuliza anataka mtindo gani. Mjini walimcheka mwezi mzima. Yeye alisema tu kwamba ile ndiyo siku pekee aliyokaa kwenye kiti akatulia, maana alikuwa na sababu.

Kwa hiyo utaelewa tatizo lilipokuja lilikuwa na uzito gani.

Alikuwa anawagombeza vijana wote wa pale kuhusu macho. Vaa kinyago, angalia pembeni, usichome kwa jeuri. Yeye mwenyewe alichomelea na miwani ya jua ya machinga, ile ya kuendea harusini. Mganga hajigangi. Alipoanza kupitisha ukucha juu ya mshono wa chuma badala ya kuutazama, nilidhani ni ufundi umezidi. Kisha akaanza kunisalimia mara mbili. Kisha siku moja akajimwagia chai ya moto kwenye mguu, akasema kikombe kimehama.

Daktari wa Mbeya alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi. Yeye aliamini ni ule moto wa kazi, na hakuna aliyembishia. Mke wake alikuwa amefariki kitambo. Alikuwa amepanga chumba kimoja, jiko mlangoni, na mtaro mbele ya mlango, na kwenye mtaro ule alikwisha kuanguka. Ndugu zake wakampigia simu: rudi Mbebe, tutakutunza. Mwanawe naye akaja, dereva wa lori, kijana mwenye adabu, akamwambia: baba, kwangu chumba kipo, kitanda kimetandikwa, mama angekuwepo angesema uje.

Nilikuwa pale. Fundi alizunguka meza yangu ya kukatia nguo mpaka nikapata kizunguzungu mimi.

"Mbebe watanipa kigoda," akasema. "Nitakaa juani, nitaulizwa umeamkaje, nitajibu salama, mpaka nife. Mimi nife nimekaa?"

"Basi njoo kwangu, baba."

"Nilale wapi? Paa ni moja. Mke wako atapita ukumbini na kitambaa usoni kila siku kwa ajili yangu, ndani ya nyumba yake? Nyumba itamgeukia jela."

Kijana alinitazama mimi kama naweza kumsaidia. Ningemsaidia nini? Nilikuwa na hasira na wote, na ukoo, na macho, na Mungu kidogo. Niliona mzee anaelekea kufa peke yake kwenye chumba cha kupanga kwa sababu ya adabu.

Jibu alilipata kwa wageni. Muda kidogo kabla ya hapo walikuwa wamepita wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, na gari lao la kulala, lenye jiko, kitanda na sinki. Walikuwa wanatokea kusini kupitia Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Barabara ilikuwa imewakatia trei, betri yao ya starehe inaning'inia kwenye nyaya. "Waambie walale kwanza," Fundi akaniambia, na mimi na Kiingereza changu cha kuuzia mapazia nikawaambia. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha wakalala kweli, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kwa sababu babu alikuwa anakoroma. Fundi aliwatazama sana, kwa macho yaliyokuwa bado yanaona kiasi. Walipoondoka aliniuliza nyumba yao iko wapi. Nikasema si ndiyo ile. Akauliza, kwa hiyo wakienda kwa watoto wao, wanaegesha uani na kulala humo? Nikasema labda. Alisimama pale barabarani mahali pamoja, bila kutembea, mpaka vumbi lao likaisha.

Akanunua Hiace iliyokufa injini. Mwili mzima, roho hakuna. Nilimwambia amenunua jeneza lenye madirisha, akanijibu kwamba jeneza halina redio.

Sitasahau kipindi kile. Alilijenga gari lile kwa vidole. Kitanda kilikaa nyuma, siku ya pili kikahamia ubavuni, siku ya tatu kikarudi nyuma. Nilishona pazia moja mara tatu, na mara ya tatu nilimtupia. Alikuwa anaogopa, naona sasa. Mtu aliyewapimia mamia ya watu mahali pa kulala hakujua yeye mwenyewe analala vipi, maana usingizi wake wote ulikuwa wa kuvizia, amejiegemeza kwenye tairi, jicho moja wazi.

Asubuhi moja akaniita. "Mama Pazia, njoo. Leo nalala mimi, wewe uangalie."

Akavua viatu. Akapanda. Nikachungulia dirishani kama yeye alivyokuwa akichungulia wengine, nikitaka kucheka. Sikucheka. Alijikunja ubavu, magoti tumboni, mikono miwili chini ya shavu, mtu mwenye mvi vile. Nilimwambia kichwa kinaelekea mlangoni. Sauti yangu haikuwa nzuri, na yeye akajifanya hakusikia.

Basi trei ikaenda upande wa pili, miguuni. Aliichomelea mwenyewe, ukucha ukitangulia, kijana mmoja wa jirani akimwongoza mkono. Chuma cha pembe, mpira wa tairi kuukuu chini ili betri isigonge, mkanda juu, bolti nne. Kazi safi. Nikazunguka nje kupima pazia la nyuma, nikakuta kijimlango kwenye bati. Nikakivuta. Trei nzima ikateleza ikaja nje, betri juu yake, kama droo ya kabati.

"Fundi!" nikapiga kelele. "Umepotea wewe? Inafungukia nje!"

"Najua."

"Watu wamefukuzwa hapa kwa kuomba hivyo hivyo!"

Akaja akipapasa ubavu wa gari mpaka akanifikia. "Maji ya betri ataongeza nani?" akauliza. "Mimi kipimo sikioni. Mwanangu akienda Lubumbashi haonekani mwezi. Atakayeongeza maji ni mkamwana wangu. Sasa aingie humu ninamolala ndipo aifikie?"

"Na mwizi?"

"Mwizi ataiba betri tu. Lakini yule mtoto akilazimika kuingia humu, tutakuwa tumeibiwa wote wawili."

Nikaendelea kupima pazia.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka uani kwa mwanawe, likaegeshwa mlango wake ukitazama ukuta wa majirani ili nyumba na gari visitazamane. Paneli ndogo ya sola ikawekwa juu. Na akaishi humo. Niliwatembelea mara kadhaa na kila mara nilitoka nimechoka kwa kucheka. Walikuwa wanaongea kupitia binti mdogo, mjukuu. "Mwambie babu uji uko tayari." "Mwambie mama yako nashukuru." Wote wanasikiana, hatua tano. Mtoto alipoanza shule, hawakuacha. Mama anasimama karibu na banda la kuku, mgongo kwa gari, anasema hewani: "Mwambieni babu mvua inakuja, afunge dirisha." Sauti ndani ya bati inajibu: "Mwambieni mama nimefunga." Kuku wanatazamana.

Asubuhi dalili ilikuwa redio. Alfajiri aliiwasha kwa sauti ya kuamsha mtaa, ndipo mkamwana akajua mzee ameamka salama, akawasha moto wa uji. Jioni akiizima, naye anafunga mlango wa nyumba. Hawakupatana hivyo kwa maneno. Ilitokea tu.

Nimewasili sasa kwenye safari yangu ya mwisho kwake, kipindi cha baridi cha juzi juzi. Nilikuwa nimehamishia cherehani mbali kidogo, nikawa naahirisha kwenda, kesho, keshokutwa, na moyo haukunipa raha. Nilipofika nikakuta redio kimya mchana kweupe, nikashtuka. Alikuwa amekaa. Amekaa kitandani, mikono magotini, ametulia.

"Mama Pazia," akasema kabla sijafungua mdomo. Alinijua kwa kikohozi. "Funga mlango. Wameniibia betri."

Nilitaka kusema nilikwambia. Nikafunga mlango.

Alinieleza kwa sauti ndogo, akiinua kichwa kila mara kusikiliza uani. Usiku wa wizi alikuwa amelala. Amelala kweli, usingizi wa mtu mwenye kwao, ndiyo maana hakusikia kijimlango kikivutwa. Alfajiri akazungusha swichi ya redio, kimya. Akapeleka mkono miguuni, akakuta nafasi tupu. Mwanawe alikuwa safarini, mjukuu alikuwa Isansa kwa bibi yake. Akasikia mkamwana anawaambia kuku: mwambieni babu uji tayari. Hakujibu.

"Kwa nini, Fundi? Ungekohoa tu."

"Ningesema nini? Kwamba mimi ndiye nimewafungulia wezi? Akaita mara ya pili. Mara ya tatu hakuwaambia kuku. Aliita, 'Baba.' Halafu nikasikia miguu inakimbia."

Mlango ukavutwa. Akafumba macho. Macho yenyewe hayaoni, lakini akayafumba, akajifanya amelala, kwa sababu mtu aliyelala hajaonana na mtu. Akasikia pumzi ya binti imemsimamia. Kisha mkono, umelowa maji ya kuoshea vyombo, wa baridi kabisa, ukamshika chini ya pua kupima pumzi. Ukakaa. Ukapanda shavuni, ukafika kwenye paji la uso, ukakaa tena.

"Tangu mama wa mwanangu afe," Fundi akasema, "hakuna mtu aliyenishika uso."

Binti alitoka polepole, akafunga mlango. Uji ukaja na chupa yake ya kila siku, ukawekwa chini mahali pake, na kuku wakaambiwa wamwambie babu. Baadaye ndipo akaona kijimlango kimeachwa wazi, akampigia mumewe simu safarini. Mwanawe akaahidi betri mpya, na kwamba ataigeuza trei ifungukie ndani, chini ya godoro, kama sheria ya baba ilivyokuwa siku zote.

"Nimemkatalia," Fundi akasema. "Ibaki hivyo hivyo. Na wewe usimwambie binti kwamba nilikuwa macho. Nilikuwa nimelala. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikaaga.

Mkamwana wake alinisindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo desturi, tukazungumza bei ya unga na baridi. Kwenye kona akasimama.

"Amekueleza," akasema. Hakuwa anauliza.

"Alikuwa amelala," nikasema. "Ameniambia hajui lolote."

"Alikuwa macho, mama. Mtu aliyelala hafumbi macho kwa nguvu namna ile." Akafuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilijua tangu nilipompima pumzi. Ningeweza kutoka pale pale."

"Mbona hukutoka?"

Akageuka kulitazama gari lile, bati lake na paneli yake, likiwa limetupa mgongo.

"Tangu niolewe sijawahi kuuona uso wake," akasema. "Watu huniambia binti yangu amefanana na babu yake, na mimi naitikia tu, ndiyo, ndiyo, kweli kabisa. Siku ile ndiyo nilimwona mwanangu."